Qali na Safu ya Alama ya Siri

Ukitaka kumuudhi Qali Isse, mwite fundi wa kompyuta. Majirani zake wa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, humwita hivyo kila siku ya Mungu, wakimletea printa zilizokwama karatasi na simu zilizotumbukia kwenye karai la nguo. Yeye huwaeleza kwa mara ya mia kwamba kazi yake ni kuandika programu, si kufungua skrubu. Wao huitikia "haya, haya" na kuiacha printa mlangoni. Na printa itatengenezwa, kwa sababu Qali hajui kumkatalia mtu, tabia ambayo imemchelewesha maishani kuliko ukame na mitihani vikiwekwa pamoja.

Ana miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa malishoni, upande wa Eldas, katika nyumba ya miti na mikeka inayofungwa mgongoni mwa ngamia watu wakihama. Ukame ulipomaliza mifugo, baba yake alimpakia yeye na mama yake kwenye lori, wakashuka Garissa na mikeka miwili, birika moja na msahafu. Qali alikuwa na miaka saba. Shuleni alikaa na watoto waliomtangulia kwa kila kitu, akawafikia, akawapita, akasoma hadi chuoni. Huko alijifunza kuandika programu kwenye kompyuta iliyong'oka herufi ya E, na mpaka leo akibonyeza E hutumia nguvu kama mtu anayeua mbu. Mama yake alifariki Qali akiwa mwaka wa pili. Tangu hapo wamebaki wawili katika nyumba ya vyumba viwili, yeye na kompyuta yake upande wa dirisha, Mzee Isse na tasbihi yake upande wa feni.

Macho ya mzee yameingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akataka kumpangia upasuaji, mwenyewe akasema ameshaona ya kutosha. Basi siku nzima hukaa akimsikiliza binti yake akichapa. Amefikia hata kuijua hali ya kazi kwa sauti ya vidole. Vikienda mbio mambo ni mazuri, vikinyamaza kuna tatizo, na ile herufi moja ikipigwa kofi mara tatu mfululizo, mzee humwombea dua.

Kazi ambayo Qali anaipenda kuliko zote ni tovuti ya chama kimoja cha wafugaji, chenye watu wake kuanzia Masalani hadi Eldas. Ngamia akipotea, Wasomali humwita baadi, na kumtafuta baadi si shughuli ya mwenye mali peke yake. Kila msafiri anayepita huulizwa amemwona nani njiani, na msafiri mwenye heshima zake hukumbuka. Tovuti ile ni msafiri asiyechoka. Chama kina zizi karibu na mji wa Wajir, wanakopelekwa wanyama waliookotwa, na kila mnyama ana mstari wake katika jedwali: rangi, umri, chapa ya ukoo, mahali alipookotwa. Mtu akiwa kwake anafungua simu na kuangalia kama wake yumo.

Safu ya mwisho ya jedwali hilo ndiyo yenye uzito. Ni alama ya siri. Siku mnyama anapofika zizini, anayempokea humkagua kabla mgeni yeyote hajasogea uani, na kuchagua alama moja isiyotangazwa popote. Mwenye mali akija haulizwi rangi wala chapa, maana hizo hata mwizi anaziona. Anaulizwa ile moja. Maneno yake yanaandikwa kwenye karatasi, karatasi inakunjwa na kutiwa muhuri, kisha inalinganishwa na kilichoandikwa siku ya kwanza. Yakilingana, anaondoka na ngamia wake. Yasipolingana, anaondoka na maelezo.

Zamani alama hizo zilikuwa kwenye daftari. Daftari lilimwagikiwa chai, likaliwa na mchwa, likapotea miezi miwili na kuonekana chini ya gunia la chumvi. Ni Qali aliyewashawishi waachane nalo. Alisimama mbele ya wazee wa chama akawaambia kompyuta haimwagikiwi chai, jambo ambalo si kweli, lakini wazee walikubali. Mzee Isse siku hiyo alijivuna hadi majirani wakachoka.

Sasa, tovuti ilikuwa na kurasa tatu, na kila ukurasa umejengwa kwa mtindo wake. Ukurasa wa watu wote Qali aliujenga mwenyewe kwa zana za kisasa, zinazouunda ukurasa ndani ya simu ya msomaji. Ukurasa wa ofisi ulijengwa miaka ya nyuma na kijana aitwaye Sakariye, kwa violezo vya zamani ambavyo hujazwa kwenye seva na kutumwa vikiwa tayari. Sakariye alipata kazi Nairobi, akaondoka bila kuacha hata mstari wa maelezo. Aliacha salamu tu. Ukurasa wa tatu ulikuwa mwepesi, wa simu za kabambe, zile ndogo za vitufe, nao una violezo vya aina yake. Jedwali lilikuwa moja lakini limeandikwa mara tatu, na kila kosa lilirekebishwa mara tatu.

Wiki iliyopita Qali alichoka na mchezo huo. Akaunda kipande kimoja cha jedwali, akakipachika kwenye kurasa zote. Kipande cha namna hiyo hupewa maagizo kwa maneno madogo ambayo watu wa kazi hii huyaita sifa, na sifa aliyoitia kwenye safu ya alama ya siri ilikuwa neno moja: ficha. Kwenye ukurasa wa watu wote na ule mwepesi akaandika ficha, ndiyo. Kwenye ukurasa wa ofisi akaandika ficha, hapana. Akayajaribu yote mawili kwenye ukurasa wake wa kisasa, ndiyo ikaficha, hapana ikaonyesha. Akaridhika, akaenda kuchemsha chai. Ukurasa wa ofisi wenyewe hakuufungua. Hapo alikosea, na hatutamtetea.

Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, simu ililia. Alikuwa shangazi yake Maka, dada wa Mzee Isse, mjane anayeishi bado upande wa Eldas.

"Eedo," alisema Maka. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na shangazi naye humwita hivyo hivyo mtoto wa kaka yake, kama baba anavyomwita mwanawe aabo, yaani baba. "Eedo, nisaidie. Adey wangu yuko hapa mbele ya macho yangu na wanataka kumuuza."

Adey maana yake Mweupe. Alikuwa ngamia jike wa Maka, mzee, wa pekee. Miaka yote Qali alipokuwa shuleni, Maka alikuwa akituma kwa lori dumu la susa, maziwa ya ngamia yaliyochacha, na maziwa hayo yalikuwa ya Adey. Mwezi uliopita Adey alipotea. Maka alitafuta kwa miguu hadi viatu vikakatika, kisha akasikia kuna zizi Wajir, akadandia lori la mbuzi. Alikuwa hapo uani tangu jana.

"Umewaambia alama?" Qali aliuliza.

"Nimewaambia. Wanasema kompyuta haijui."

Simu ikachukuliwa na Dabasso, msimamizi wa zizi, mtu wa maneno machache na mnyoofu kama uzio wake mwenyewe. Dabasso ni Mborana, na Kiswahili ndiyo lugha inayomkutanisha na Qali.

"Madam Qali, salaam aleikum. Hapa kwangu ile safu ya mwisho hakuna. Sio tupu, hakuna kabisa. Karatasi ya huyu mama iko, nimeweka muhuri jana. Lakini nalinganisha na nini?"

"Bwana Dabasso, si unaweza kumwangalia ngamia mwenyewe?"

"Naweza. Lakini mama amesimama kwa uzio tangu jana, ngamia iko karibu. Watasema ameona. Mwezi wa tatu mtu alichungulia hivyo, akataja alama, akaenda na ngamia ya wenyewe. Sasa ni sheria: ile iliandikwa siku ya kwanza, na mpokeaji." Mpokeaji mwenyewe alikuwa ameenda Umra na simu yake imezimwa. "Na siku thelathini za kungoja mwenyewe zinaisha leo. Saa kumi na moja nafunga orodha ya mnada. Kesho asubuhi wanakuja."

Qali hakuhitaji kuuliza nani wanakuja. Ngamia jike aliyezeeka hanunuliwi na mfugaji. Hununuliwa na mchinjaji.

"Nipe mpaka hiyo saa kumi na moja," alisema.

"Nimekupa. Na madam, samahani, huyu ni shangazi yako, amenieleza. Usiniambie kitu kwa mdomo. Nataka kuona kwa ukurasa."

Alikuwa na haki. Qali angeweza, kwa amri moja tu, kuingia kwenye hifadhi ya data na kuisoma alama ya Adey. Angeweza hata kuibadilisha. Kwa sababu hiyo hakuigusa. Alijiapia kwamba hataijua alama hiyo mpaka Dabasso aisome kwa macho yake mwenyewe, ili akiulizwa mbele ya wazee wa chama aweze kuapa. Mzee Isse, aliyekuwa amesikia mazungumzo yote, alijikohoza.

"Aabo, huyo Adey mimi ninaijua alama ya…"

"Usiniambie, aabo. Tafadhali. Nisiijue."

Mzee akarudi kwenye tasbihi yake. Ilikuwa saa nane na robo.

Kurudisha jedwali la zamani hakukuwezekana. La zamani lilisoma data kwa majina ya zamani, na Qali mwenyewe alikuwa ameyabadilisha wiki ile ile, kwa furaha kabisa. Ilibidi kulitengeneza hili jipya. Akaufungua ukurasa wa ofisi, akakuta alichoambiwa: rangi ipo, chapa ipo, mahali papo, na baada ya hapo jedwali linakwisha. Akatazama kiolezo. Ficha, hapana. Imeandikwa waziwazi, mtoto wa darasa la pili angeielewa.

Akaiandika hapana kwa herufi kubwa. Ikaficha. Akaweka sifuri badala ya hapana. Ikaficha. Akaizungushia alama za kunukuu, akaziondoa, akazirudisha. Ikaficha, ikaficha, ikaficha. Akaichukua safu hiyo hiyo kama ilivyo, akaipeleka kwenye nakala ya majaribio ya ukurasa wake wa kisasa, yenye ngamia wa kubuni, nayo ikajitokeza papo hapo na kumkodolea macho. Maneno ni yale yale, kipande ni kile kile, huku kinatii na kule kinakaidi. Akatazama ukurasa wa kabambe, nao ulikuwa ukificha, lakini kule ndiko ilikotakiwa kuficha, basi haukumwambia lolote.

Saa tisa ikapita. Maka alipiga tena, si kwa kumharakisha, alisema, ila tu kumwambia kwamba Adey amemjua, amekuja hadi kwenye uzio na kumwekea kidevu begani. Qali akasema inshallah, akakata simu, machozi yakamjaa. Hakuna aliyemlazimisha kuunganisha majedwali matatu. Hakuna aliyemlazimisha kulikejeli daftari la watu. Daftari, pamoja na chai na mchwa wake, halijawahi kumpeleka ngamia wa mjane kwa mchinjaji.

Herufi ya E ilipigwa kofi. Ikapigwa tena. Mara ya tatu, mzee aliiweka tasbihi chini.

"Aabo, nieleze. Sitaelewa, lakini nieleze."

Qali akageuza kiti. "Kuna safu imejificha. Nimeiambia isijifiche. Imekataa."

"Umeiambiaje?"

"Kuna neno, ficha. Mbele ya hilo neno nimeandika hapana. Ficha, hapana. Nimeandika kwa kila namna."

Mzee alifikiri kwa utulivu wa mtu asiye na mnada. "Kwa hiyo neno lenyewe umelitaja."

"Nimelitaja ili kulikataa, aabo."

"Eh. Sisi kule malishoni kulikuwa na maneno hatukuyataja hata kwa kuyakataa," alisema mzee. "Ukisema yupo, umemwita. Ukisema hayupo, umemwita vilevile. Masikio yake yanasikia jina tu, hayangojei mwisho wa sentensi."

Qali alijua mzee anamsema nani. Katika nyumba yao neno fisi halikuwahi kutajwa. Wafugaji wa kwao humwita yule anayechechemea, lakini Mzee Isse hata hilo alikuwa hasemi, na Qali alijua kwa nini, au aliamini anajua.

Alikuwa na miaka saba, amepewa ndama wa ngamia achunge karibu na boma. Ukame ulikuwa umewafanya hata wanyama wa usiku wakose haya ya mchana. Baba yake alimwita kutoka mbali, kuko salama? Na yeye, kwa kuringia sauti yake kubwa, akajibu kwa nguvu zote: "Hakuna fisi huku!" Haikupita muda, kichaka kilitikisika. Alikumbuka vumbi, alikumbuka damu kwenye manyoya meupe ya ndama, na blanketi la baba yake. Yaliyofuata hayakumkaa kichwani. Siku chache baadaye lori lilikuja wakahama, na ndama yule hakumwona tena. Hakuna aliyemgombeza wala aliyesema neno. Akakua akijua kwamba alimwita mnyama kwa mdomo wake, kwamba ndama alikufa, na kwamba baba yake ni mpole mno kulisema.

Aliufuta uso kwa ncha ya shela yake. Na hapo, kwa sababu akili ya mtu wa kazi haimwachi hata akilia, maneno ya mzee yakamrudia upya. Masikio yake yanasikia jina tu.

Akageukia kompyuta. Akafungua matini ghafi ya ukurasa wa ofisi, vile ulivyofika kutoka kwenye seva, akashuka nayo hadi kwenye kichwa cha jedwali, si zaidi. Neno ficha lilikuwa pale, limekaa, na hapana yake kando. Akafungua ile nakala ya ukurasa wa kisasa kwa namna hiyo hiyo. Pale neno ficha halikuwepo kabisa.

Kumbe zana zake za kisasa zilikuwa zikimdekeza miaka yote hiyo. Akiandika hapana, zilielewa anachotaka, zikaliondoa neno lenyewe kabla ukurasa haujaundwa. Violezo vya Sakariye havikuwa na malezi hayo. Vilichukua kilichoandikwa, neno na jibu lake, vikakipeleka kama kilivyo. Na kipande cha jedwali, alichokitunga Qali kwa mikono yake, hakikuwahi kulisoma jibu. Kilitazama kitu kimoja tu, kama neno ficha lipo. Lipo? Basi kikaficha, kwa nia njema kabisa.

Alilifuta neno. Alilifuta lote, pamoja na hapana yake, akaupakia upya ukurasa. Safu ya mwisho ikatokea. Haraka akaiziba skrini kwa kiganja kama mtu anayemsitiri mwingine, asije akasoma mstari wa Adey.

Hakukimbilia simu, na hapo ndipo utamwona tofauti na yule wa wiki iliyopita. Alirudi kwenye kipande chenyewe, akakiandikia kisome jibu la sifa na si jina lake tu. Akaufungua ukurasa wa watu wote kuhakikisha bado unaficha. Akaufungua wa kabambe, kwenye kabambe halisi, ya mzee. Unaficha. Akaufungua wa ofisi mara ya pili, jicho moja limefumbwa. Unaonyesha. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

"Bwana Dabasso, fungua ukurasa upya."

Alimsikia akipumua na kubofya. Mzee Isse alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa mkeka.

"Iko," alisema Dabasso. "Sasa safu iko. Ngoja niite shahidi." Kwa mbali ikasikika sauti ya Maka ikimwambia mtu kwa Kiswahili chake kisicho na P, "Mimi nimekaa haba siku mbili, ngamia ni yangu, wallahi ni yangu." Kisha karatasi ikachanwa muhuri. Dabasso aliweka simu kwenye spika na kusoma polepole, kama anayefungisha ndoa.

"Ukurasa unasema: kwapa ya mbele, kushoto. Kovu ya kushonwa, ya zamani sana. Mishono saba. Sita imenyooka. Ya saba iko pembeni, kubwa, imepinda." Akageuza karatasi. "Na mama amesema: kwapa ya kushoto, mishono saba. Ya saba imepinda kwa sababu ilishonwa na mtoto." Akaikunja karatasi. "Mtoto gani sijui, lakini inalingana. Mama, chukua ngamia yako. Madam Qali, asante."

Maka alianza kupiga vigelegele, na simu ikakatika katikati yake. Chumbani kulibaki feni peke yake. Qali alikuwa bado ameishika simu sikioni.

"Aabo," alisema. "Mtoto gani?"

"Si wewe."

Kisha mzee akacheka kidogo, akagundua alivyoeleweka, akajisahihisha kwa upole. "Namaanisha, si ni wewe, nani mwingine? Adey ni yule ndama."

"Ndama alikufa."

"Nani alikuambia amekufa?"

Qali alifikiri. Alirudi nyuma miaka ishirini na minne akitafuta aliyemwambia, na hakumpata. "Hakuna," alisema. "Hakuna aliyesema kitu."

Vidole vya Mzee Isse vilitafuta tasbihi, vikaiacha. "Nilimshona kwa sindano ya kushonea mikeka," alisema. "Ulikuwa unalia kwamba wewe ndiye umemwita. Nikakwambia hukumwita, ukakataa kunyamaza. Nilipofika mshono wa sita nikakupa sindano, nikakwambia, haya, wa mwisho funga wewe. Ukafunga. Ukanyamaza. Kwa Maka tulimwacha kwa sababu asingeweza safari. Nikasema lile neno lisitajwe tena mbele yako, lisije likakuumiza. Nikanyamaza na mengine yote pamoja nalo. Nilidhani unajua, aabo. Maziwa yake umekunywa mpaka chuo."

Na ndipo yote yakamrudia. Uzi mnene wa katani, joto la ngozi ya ndama, na mkono wa baba juu ya mkono wake ukisukuma sindano. Mpaka utu uzima alikuwa ameubeba mzigo wa mtoto wa miaka saba, na nusu ya pili ya hadithi ilikuwa imekaa pale karibu na feni muda wote, ikingoja kuulizwa. Aliondoka kwenye kiti, akaketi kwenye mkeka, akalaza kichwa kwenye goti la baba yake na kulia bila kujizuia. Mzee alimpapasa kichwa, akaushusha mkono wake hadi akavikuta vidole vya binti yake.

"Mshono ulipinda kwa sababu uliisukuma sindano kwa nguvu mno," alisema, akiviminya kimoja kimoja. "Nilikwambia taratibu, hukusikia. Mpaka leo kuna herufi unaipiga hivyo hivyo."